Mlango Uliopungua Sentimita Tano

Kwa miaka thelathini na mitatu mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masokoni, madukani na kwenye maghala akiwa amebeba sanduku la mawe ya shaba, anaweka jiwe la kilo moja juu ya mizani ya mfanyabiashara, anainama, anautazama mshale. Mshale ukisema kweli, anagonga mhuri na kwenda zake. Mshale ukidanganya, hata kwa uzito wa kijiko cha sukari, mizani inafungwa siku hiyohiyo. Watu wakamwita Mizani, kwanza kwa kumkebehi, baadaye kwa mazoea, na mwishowe hata mkewe akalishika jina hilo.

Sokoni hakupendwa sana. Aliwahi kufunga mizani ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, siku mbili kabla ya shemeji huyo kumwoza binti yake. Harusini akaenda, akakaa, akala kwa utulivu huku ukoo mzima ukimkata jicho. Lakini hata waliokuwa wakimwona njiani na kubadili upande walikiri jambo moja: hakuwahi kumfungia mtu bila kumwonyesha kifungu. Alitembea na kijitabu cha sheria mfukoni, kimechakaa hadi pembe zimeota manyoya, na kabla ya kubandika karatasi nyekundu alikifungua, akaweka kidole kwenye mstari na kusema, "Soma mwenyewe. Kama hujui kusoma, mwite unayemwamini akusomee." Aliamini kabisa kwamba mtu akionyeshwa sheria kwa macho yake, hata akikasirika, hawezi kusema ameonewa.

Mkewe alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi iliyo mtaa wa pili. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuvuka uwanja bila filimbi. Mtaani wote walimwita Mwalimu, na mumewe pia. Alistaafu mwaka mmoja baada ya mumewe, na mwaka huohuo, asubuhi moja akianika nguo, mkono wa kulia ukaliachia shati, mguu wa kulia ukamkataa, akaketi chini taratibu kama mtu aliyeamua kupumzika. Kiharusi. Alilazwa wiki tisa. Alirudi nyumbani na ulimi wake wote na akili zake zote, ila upande mmoja wa mwili ulikuwa mzito kama gunia lililolowa maji, na chini yake kulikuwa na kiti cha magurudumu.

Kiti kiliingia sebuleni bila shida. Kikaingia chumbani kwa kukwaruza fremu kidogo. Kilipofika mlango wa bafu kikagoma.

Mizani akaenda kuchukua futi. Upana wa kiti: sentimita sitini na saba. Upana wa mlango: sitini na mbili. Akapima tena, maana mtu wa kazi yake hapimi mara moja. Sitini na saba, sitini na mbili. Nyumba aliijenga mwenyewe akiwa kijana, na mlango ule aliubana kwa makusudi ili kabati la ukumbini lipate pa kukaa. Alisimama pale na futi mkononi, akalitazama kabati kwa chuki, kama vile ndilo lililomshauri.

Ikawa kila Mwalimu akitaka kuoga au kujisaidia, Mizani anamshika makwapani, na binti yao wa mwisho, anayefanya kazi kwenye duka la dawa na bado anaishi nyumbani, anamshika miguu. Wanamvusha upande upande kama meza. "Taratibu, mimi si kabati," Mwalimu alisema siku ya kwanza, na wote wakacheka. Siku ya kumi alifumba macho tu tangu anainuliwa hadi anawekwa chini. Mizani alikuwa amelala pembeni ya mwanamke huyu miaka arobaini na hakuwahi kumwona akifumba macho mbele ya jambo lolote, si ugonjwa, si msiba, si mkaguzi wa elimu.

Akaita fundi mwashi. Fundi akaugonga ukuta kwa kisigino cha nyundo, hapa na pale, sikio limeegemea, kisha akapanda ngazi, akachungulia juu ya dari, akashuka akijipangusa utando wa buibui.

"Mzee, huu ni ukuta wa kugawa tu. Haujabeba kitu. Mbao za dari zimelala kwenye kuta zile kubwa mbili. Hizi ni tofali za kusimamisha kwa ubavu, nikiutoa wote hata nyumba haitajua. Nakata upande huu wa kabati, naweka linta mpya ya kubeba tofali za juu ya mlango, fremu mpya, napiga plasta. Siku mbili. Tatu zikizidi."

"Na kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kuvunja ukuta."

Fundi aligeuka akatazama nje ya dirisha. Ng'ambo ya barabara, jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anapandisha ghorofa ya tatu juu ya nyumba ambayo msingi wake ulichimbwa kwa ajili ya vyumba vinne vya chini. Tangu asubuhi ndoo za zege zilikuwa zikipanda kwa kamba, na nguzo za miti zilizoshikilia sakafu mpya zilikuwa zimepinda kama miguu ya ndama.

"Pale umewahi kuona kibali?" fundi aliuliza.

"Yake ni yake. Mimi siwezi kuwafungia watu mizani miaka thelathini na tatu halafu nije kuvunja sheria chooni kwangu."

Na si kwamba alikuwa anajisumbua bure. Mwezi uliotangulia gari la manispaa lilipita mtaani na kipaza sauti, likitangaza kwamba ukarabati wowote bila kibali utabomolewa kwa gharama za mwenye nyumba. Wowote. Ndivyo gari lilivyosema, mara tatu, hadi mbwa wakabweka.

"Nenda basi," Mwalimu alimwambia. "Kuuliza si ujinga. Ila usikawie, Mizani. Haja haingoji foleni."

Ofisi ya vibali ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la manispaa, ukumbi mrefu wenye mabenchi manne na madirisha matatu, mawili yakiwa yamefungwa daima. Kwenye dirisha la tatu alikaa karani kijana, nadhifu, tai nyembamba, mbele yake rundo la mafaili ya rangi ya maji ya chai.

"Shikamoo mzee," karani alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Nataka kupanua mlango wa bafu. Mlango wa ndani, ukuta haujabeba kitu. Nahitaji kibali?"

"Ni ukarabati?"

"Ni mlango."

"Mlango ni ukarabati. Ukarabati wowote ni kibali." Akasukuma karatasi chini ya kioo.

Mizani akaisoma papo hapo akiwa amesimama. Mchoro wa nyumba nzima uliochorwa na mchoraji aliyesajiliwa, nakala tatu. Barua ya mhandisi. Nakala ya hati ya kiwanja. Na barua za majirani wa pande zote nne kwamba hawana pingamizi. Majirani wa pande nne! Watu wanne waketi, wafikiri, watie sahihi, ndipo mwanamke mgonjwa apate ruhusa ya kuingia katika bafu lake mwenyewe!

Lakini Mizani ni Mizani. Alizungukia majirani. Huyu wa ghorofa alitia sahihi akiwa ameiegemeza karatasi kwenye mfuko wa saruji, huku zege yake ikipanda nyuma yake bila barua ya mtu yeyote. "Kibali cha mlango wa choo!" akasema, na alicheka hadi kofia ikamdondoka. Mchoraji naye akaja, akapima nyumba yote, hadi upana wa baraza na mteremko wa paa. Katika mchoro wake mkubwa wa kukunjwa mara nane, mlango wa bafu ulionekana mdogo kama kipande cha ukucha.

Wiki ya pili akapeleka. Karani akahesabu nakala. "Siku hizi ni tano, mzee, si tatu."

"Karatasi yako inasema tatu."

"Karatasi ni ya zamani."

Wiki ya tatu akapeleka tano. Mhuri wa mhandisi haukukolea. Arudi na mwingine. Wiki ya nne akaleta mwingine, faili likapokelewa, likapewa namba, na Mizani akarudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyepata mjukuu. Wiki ya tano faili lilikuwa kwa mhandisi wa manispaa, na mhandisi alikuwa nje kikazi. Wiki ya sita mhandisi alikuwa amerudi, lakini faili lilikuwa halionekani. "Halijapotea," karani alimtuliza, "halionekani tu." Mizani aliketi kwenye benchi akajaribu kuitafuta tofauti ya maneno hayo mawili, asiipate.

Na kila siku ya wiki hizo, asubuhi, mchana na jioni, Mwalimu alibebwa upande upande na kufumba macho. Akaanza kunywa maji kidogo. Binti ndiye aliyegundua. Alimkuta mama yake amemwaga glasi nzima kwenye chungu cha maua.

"Mama, daktari alisema unywe."

"Nikinywa, mtanibeba," Mwalimu akajibu. "Mgongo wa baba yako umekwisha, na wewe una kazi ya kusimama kutwa. Acha nikae na kiu yangu."

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mizani akiwa kwenye benchi lake, simu ikalia. Alikuwa binti, na hakusema hata salamu. "Baba, njoo. Mama ameanguka."

Mwalimu alikuwa amezidiwa na haja, na baba hayupo. Binti akajaribu peke yake. Alimwinua vizuri, akageuka naye vizuri, na katikati ya mlango ule, penye sentimita sitini na mbili, kiwiko chake kikagonga fremu, mguu ukateleza, wakaanguka wote wawili. Mizani alimkuta mkewe ameketi sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, taulo mabegani, na mkono wa kushoto ameupakata. Mkono wa kushoto. Ule mzima. Ule uliobaki.

Hospitali wakasema kifundo cha mkono kimevunjika. Ukafungwa plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, kwa wiki sita. Sasa mwanamke aliyewahi kufundisha watoto elfu moja kuruka viunzi hakuweza hata kujikuna pua.

Hakulia. Alingoja binti atoke kwenda kuchukua dawa, ndipo akamgeukia mumewe.

"Mizani."

"Naam, Mwalimu."

"Wewe ulikuwa unawaonyesha watu kifungu. Hao wamekuonyesha?"

Wiki saba. Yeye, aliyewaambia wauza samaki wasome wenyewe, alipokea neno la mtu wa dirishani kama mtoto anayeambiwa kesho hakuna shule. Aibu ilimpanda kwanza, kisha nyuma ya aibu hiyo ikaja hasira, na hasira hiyo haikuwa ya kupita.

Kesho yake alikuwa wa kwanza dirishani.

"Shikamoo mzee. Faili lako bado…"

"Sikuja kwa faili. Nionyeshe kifungu."

Kwa mara ya kwanza karani aliinua macho. "Kifungu gani?"

"Kinachosema mlango wa ndani unahitaji kibali."

"Huo ni utaratibu, mzee."

"Utaratibu umeandikwa wapi?"

"Unajulikana."

"Na nani? Mimi siujui. Kinachonifunga mimi kimeandikwa mahali, au hakinifungi. Niambie sheria iko wapi niende nikaisome."

Karani alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeulizwa jina la mwenye nyumba aliyopanga. "Labda masjala," akasema. "Chini."

Masjala ilikuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, mafaili yamepangwa hadi darini. Mama mtu mzima mwenye miwani mizito alikuwa anafuma sweta. Mizani alipomweleza anachotaka, yule mama aliiweka sindano chini taratibu.

"Sheria ndogo za ujenzi? Baba, nina miaka kumi na mmoja hapa. Wewe ndiye wa kwanza kuziulizia."

Alitafuta dakika ishirini. Akaibuka na kijitabu cha jalada la kijani, hakijafunguliwa hata kukunjika, akakipuliza vumbi, akampa na kigoda. Mizani akasoma tangu ukurasa wa kwanza, maana hakujua njia nyingine ya kusoma. Aliyakuta yote yamepangwa vizuri kabisa, kwa lugha nyepesi. Ukitaka kuongeza chumba au ghorofa, omba kibali. Ukitaka kuondoa au kutoboa ukuta uliobeba dari, paa au sakafu ya juu, omba kibali, na mhandisi aje aone. Ukibadili umbo la paa, ukihamisha njia ya majitaka, ukigeuza nyumba ya kuishi kuwa duka au karakana, omba. Hapo Mizani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa sheria ya watu wenye akili, waliofikiria nini kinaweza kumwangukia nani.

Kisha akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Kazi zisizohitaji kibali. Kupaka rangi. Kubadilisha vigae, makabati, masinki. Kubadilisha mabati yaliyochakaa kwa mengine ya namna ileile. Kubadilisha dirisha bila kuongeza ukubwa wake. Na mstari wa tano: kuweka, kuhamisha au kupanua mlango katika ukuta wa ndani usiobeba uzito.

Akasoma mara ya pili. Akasoma ya tatu, kidole kwenye mstari. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku zote zile, alipokuwa akizunguka na mchoro wa kukunjwa mara nane, alipokuwa akimshika mkewe makwapani, mstari huu ulikuwa umelala hapa chini ya ngazi, hatua thelathini kutoka kwenye benchi lake.

"Baba, hujambo?" mama wa masjala aliuliza.

"Nitolee nakala ya ukurasa huu, mama. Na uniazime hiki kitabu nusu saa."

Mizani si mtu wa kelele. Katika kazi yake yote hakuwahi kupaza sauti, kwa sababu mwenye mhuri hana haja ya kupiga kelele. Lakini siku ile alipanda ngazi, akasimama katikati ya ukumbi uliojaa watu, akavaa miwani, akasema kwa sauti kubwa:

"Ndugu zangu, samahanini. Nitawasomea sheria. Haichukui muda mrefu."

Akasoma ukurasa wa kumi na nane, vinavyohitaji kibali. Akafungua wa kumi na tisa, visivyohitaji. Mwanzoni watu walidhani ni kichaa. Alipofika kwenye vigae, mwanamke mmoja wa benchi la mbele akasimama.

"Rudia hapo, baba."

"Kubadilisha vigae, makabati, masinki."

"Mimi hii wiki ya tano nakuja hapa kwa ajili ya vigae vya jikoni!" Akamgeukia karani. "Wiki ya tano! Umenichoresha ramani ya nyumba nzima!"

Ukumbi ukalipuka. Huyu na rangi ya ukuta wa nje, yule na dirisha lililooza, mwingine na mabati. Mwanamume mmoja mwenye furaha kuliko wote alikuwa tayari anakunja mchoro wake aondoke. "Basi na mimi nakwenda kuvunja ukuta wangu wa sebule leo leo, niipanue!"

"Ngoja," Mizani akamshika bega. "Juu ya ukuta huo kuna nini?"

"Kuna chumba cha mama."

"Mama analala juu yake na wewe unataka kuutoa? Kaa hapo hapo kwenye foleni! Wewe ndiye unayehitaji kibali kuliko sisi sote." Watu wakaangua kicheko, na yule bwana akarudi kukaa.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka mkuu wa idara, mtu mnene wa heshima zake, kalamu tatu kifuani. Akaweka mkono mgongoni mwa Mizani kwa upole. "Mzee wangu, karibu ofisini tuzungumze."

"Nimekaa hapa nje wiki saba. Tuzungumze hapa hapa."

"Vijana wanajihadhari tu, mzee. Ni heri kuomba kibali kisichohitajika kuliko…"

"Heri kwa nani?" Sauti ya Mizani ilitetemeka, na aliiacha itetemeke. "Mke wangu amevunjika mkono jana kwa mlango ambao sheria yako inasema nikavunje hata leo. Kwa hiyo niambie, hiyo heri iko upande wa nani?"

Aliyejibu alikuwa karani, nyuma ya kioo, kwa sauti ndogo. "Mimi sijawahi kukiona hicho kitabu. Nina mwaka wa nne hapa. Niliambiwa kila anayekuja mfungulie faili."

Mizani alimtazama kijana yule na tai yake nyembamba. Hasira yake haikupungua, ila ilimhama karani ikasonga mbele hadi kwa mwenye kalamu tatu. "Umesikia? Umempa mtu mizani, hukumpa jiwe la kupimia."

Aliomba barua moja tu, ya kusema kwamba mlango wake hauhitaji kibali, ili asije akasumbuliwa. Mkuu akasema kwa masikitiko kwamba ofisi haiwezi kutoa barua kwa jambo lisilohitaji barua. "Basi niandikie hayo uliyosema sasa hivi," Mizani akasema, na mkuu akakumbuka kwamba ana kikao.

Mama wa masjala ndiye aliyeupiga mhuri ule ukurasa wa kumi na tisa, nakala halisi, tarehe na sahihi.

Fundi alianza Jumatatu. Tofali zilitoka kama meno ya mtoto, bila ubishi, na dari haikudondosha hata vumbi la ziada. Kabati lilipelekwa barazani. Jumanne asubuhi, linta mpya ikiwa bado mbichi, Mizani alisikia mtu anahangaika kwenye ukuta wa nje. Akatoka. Mgambo wa manispaa alikuwa anamalizia alama ya X nyekundu, kubwa kama mlango wenyewe, na chini yake neno SIMAMISHA.

"Nani amekutuma?"

"Nimeona mchanga hapa nje, mzee. Mchanga ni ujenzi."

Mizani akamletea ukurasa. Mgambo akausoma, midomo ikicheza, akaurudisha. "Mimi kazi yangu ni kuweka alama. Kuhusu kutoa, andika barua."

"Na pale?" Mizani akanyoosha mkono ng'ambo ya barabara, ambako siku hiyo walikuwa wanaanza kuta za ghorofa ya tatu, juu ya vichwa vya wapangaji wa chini na watoto wao. Lundo la mchanga lilikuwa limefunga nusu ya njia. Ukuta ulikuwa safi, hauna hata doa.

Mgambo aliangalia viatu vyake. "Pale pana wenyewe, mzee."

Wakati huo binti alikuwa ameshamsukuma mama yake hadi barazani, mkono kwenye plasta, blanketi magotini. Mwalimu aliitazama X, akamtazama mgambo.

"Njoo hapa," akasema kwa sauti ileile ya uwanjani. Mgambo akajikuta amesogea. "Mimi hapa ndiye mhalifu. Nataka kujisaidia kama mtu. Nenda kawaambie waliokutuma kwamba umeniona."

Mgambo alichukua kopo lake la rangi akaondoka bila kuaga. Fundi, aliyekuwa amesimama na mwiko, akauliza kama asimamishe. "Umewahi kuona linta inasimamishwa katikati?" Mwalimu alimjibu. "Endelea, baba."

Ukumbi wa vibali sasa una karatasi kubwa kando ya dirisha la tatu, imeandikwa kwa mkono wa karani mwenyewe: vinavyohitaji kibali upande mmoja, visivyohitaji upande wa pili. Mkuu wa idara aliwahi kuiondoa. Kesho yake ilikuwa imerudi. Ghorofa ya jirani nayo ilionyesha ufa kabla hata ya kuezekwa, kutoka dirishani hadi chini. Mizani alivuka barabara akaenda kumwambia uso kwa uso kabla ya kuandika popote. Jirani hakucheka safari hii, ila hakusimamisha pia, na wapangaji wawili wakahama wenyewe. Manispaa haijafika. X kwenye ukuta wa Mizani iko palepale. Barua ya kwanza ya malalamiko ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili, kwamba alama itafutwa baada ya ukaguzi. Ya tatu haijajibiwa. Fundi alijitolea kuipaka rangi juu yake, bure. Mizani alikataa katakata. "Aliyeiandika ndiye atakayeifuta. Mimi nikiifuta, nitakuwa nimekubali kwamba nilistahili."

Plasta ilipotolewa mkononi, Mwalimu alingoja siku nne mkono upate nguvu. Siku ya tano, baada ya chai, hakumwita mtu. Alikisukuma kiti kwa mkono wa kushoto na kukivuta kwa mguu wa kushoto, kwa vipande vidogo vidogo, kutoka sebuleni hadi ukumbini, akapinda, akaingia. Mizani aliyekuwa amemfuata hatua tatu nyuma, mikono tayari, alishtuka mlango unafungwa mbele ya uso wake. Komeo likalia. Akasikia bomba linafunguliwa, maji yanagonga ndoo, ndoo inavutwa.

"Mwalimu? Uko sawa?"

"Mizani, toka hapo mlangoni, niache nioge!"

Akaondoka. Aliketi mezani, akavaa miwani, akavuta karatasi safi karibu, akaanza barua ya nne.